Puto, sindano, mionzi au kufunguliwa kichwa: nyota zangu kwa matibabu ya shoti za uso

Nilianza kuogopa maji ya udhu kabla sijaogopa kitu kingine. Alfajiri moja mwaka 2016 nimejaza kopo, nimesukutua, nimefika kwenye kuosha uso, kiganja kikagusa shavu la kulia pembeni ya pua na hapo hapo nikapigwa shoti, yani kama mtu kachomeka waya wa Tanesco kwenye fizi akawasha akazima akawasha tena, kopo likaanguka mi nikabaki nimeshika ukuta. Sekunde kumi hazikufika. Afu kimya, kama hamna kilichotokea. Nikajiambia jino hilo.

Daktari wa meno naye akasema jino. Kliniki yenyewe siitaji, ila waling'oa gego la juu, shoti zikabaki, nikarudi wakasema basi ni la jirani yake, likang'olewa nalo, nililiangalia kwenye kile kibakuli cha chuma halina tundu wala doa, zuri kuliko yote yaliyobaki mdomoni. Baadae nikaja kuelewa kwa nini walikosea, neva ya tano ya kichwa ndo inabeba hisia za uso mzima na ina matawi matatu, la juu linaenda jicho na paji, la kati shavu na meno ya juu, la chini taya na meno ya chini, kwa iyo hitilafu ikiwa huko nyuma kwenye mzizi wake we unaisikia kwenye jino. Sawa. Lakini jino bovu haliumi sekunde tano ukipigwa na upepo wa dirisha la daladala afu likanyamaza nusu saa. Mtu angeniuliza swali hilo moja tu ningekuwa na magego yangu leo. Nyota sifuri.

Mama mkwe akaleta kombe nikanywa. Shekhe akaniambia maji yakikudhuru tayamamu, haya, tayamamu nayo si unapangusa uso? Nikawa nafundisha kwa kuandika ubaoni bila kuongea maana kuongea nako kulikuwa kunaiamsha, darasa la nne wakadhani nimewanunia.

Aliyeujua ugonjwa ni daktari kijana wa zamu, wala si bingwa. Kauliza upande mmoja tu? kama umeme? ukigusa ndo inakuja? Akaandika karatasi: trijemina nyuralgia, yani TN, na chini yake Tegretol. Pale famasi yule kijana kaniuliza kwa sauti mbele za watu "mgonjwa wa kifafa ni nani mama?" maana ndo dawa ya kifafa ile, ila kwa huu ugonjwa inatumika tangu mwaka 1962. Siku ya pili nilipiga mswaki nikalia. Nyota tano za mwaka wa kwanza nampa bila ubishi. Tatizo dozi inapanda, nilianza na miligramu 400 kwa siku nikaishia 1200, hapo naona mistari ya daftari miwili miwili, natembea naegemea ukuta, watoto wananong'ona ticha kalewa, mwishoni sodiamu kwenye damu ikashuka nikalazwa. Jumla nyota tatu. (Na usije ukaziacha ghafla kisa umechoka nazo, zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari.)

Sasa tuje kwenye kisu, maana ndo nimeandika kwa ajili ya hapo.

Kwa wengi wetu kinachotokea ni kwamba mshipa wa damu umelalia ule mzizi wa neva pale inapotoka kwenye shina la ubongo, na kila moyo ukidunda mshipa unagonga, unagonga, miaka, mpaka ngozi ya neva inachubuka kama plastiki ya waya. Fundi umeme yeyote wa mtaani atakuelewa, waya uliochubuka unapiga shoti. Matibabu ya upasuaji yapo mengi ila ukiyakung'uta yanabaki mafungu mawili. La kwanza wanaenda kuuondoa mshipa unaogonga. La pili wanaijeruhi neva kwa makusudi, kwa joto au dawa au kuibana au mionzi, ili isiweze tena kupeleka shoti. Hilo neno kuijeruhi mi sikuambiwa. Niliambiwa "tunaituliza neva mama", nikatingisha kichwa nikasaini. Hospitali siitaji, kazi waliifanya vizuri tu, ila kutuliza na kujeruhi si neno moja, na laiti ningelisikia lile la pili ningeuliza maswali mengine kabisa.

PUTO (2019)

Hii nimefanyiwa mwenyewe. Unalazwa chali, nusu kaputi, sindano nene inapita kwenye shavu pembeni kidogo ya kona ya mdomo, wanaiongoza kwa eksirei mpaka kwenye tundu lenye umbo la yai chini ya fuvu ambalo tawi la chini la neva linatokea. Ndani ya sindano kuna mrija una kiputo, kinajazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, haifiki hata mililita moja, na kiputo kikikaa sawasawa kwenye skrini kinaonekana umbo la peasi, hapo wanakiacha kinabana neva kama dakika moja hivi basi. Moyo unaweza kupunguza mapigo ghafla wakati wa kubana, kwa iyo mtu wa usingizi anakaa na atropini, dawa ya kuuharakisha moyo, mkononi. Mambo haya yalianzia Chicago, Mullan na Lichtor waliyaandika mwaka 1983.

Nimeamka na plasta ndogo shavuni kama nimekatwa na wembe. Shoti: hamna. Jioni ile ile nimekunywa uji wa moto, nimejipangusa na khanga nikajipangusa tena makusudi. Kesho yake nyumbani. Kama ungeniuliza wiki hiyo ningetoa nyota saba.

Afu ganzi ikaanza kujionyesha. Nusu ya uso ilikuwa kama umetoka kuchomwa sindano ya jino na haiishi. Nakula, wali unabaki shavuni sina habari, baba Zuhura ananionyesha kwa kidole kwa adabu mbele ya wageni. Nilijing'ata shavu kwa ndani likavimba. Misuli ya kutafuna upande ule ililegea miezi mitatu hivi, muhogo wa kukaanga nikauaga. Na malengelenge ya homa yakanitoka mdomoni wiki ya kwanza, kumbe yanawatokea wengi baada ya neva hii kuguswa, mtu angesema mapema nisingekesha nawaza nimeambukizwa kitu. Ila nisiwe mnafiki, ganzi na shoti nikichaguzwa nachukua ganzi asubuhi na jioni.

Shida ni kwamba neva iliyojeruhiwa inapona. Miaka miwili na miezi kadhaa, siku ya harusi ya mdogo wangu, nawekewa poda, PAA. Nikamshika mkono yule dada wa mapambo nikamwambia acha, niache na uso nusu.

Nyota tatu na nusu. Ni ya haraka, hela yake inavumilika, hufunguliwi kitu. Wengi wanarudiwa na maumivu ndani ya miaka michache na inaweza kurudiwa, ila kila ukirudia ganzi inaongezeka.

SINDANO YA JOTO NA YA GLISEROLI

Hizi sijafanyiwa, nazungumza kwa niliyoyasoma na niliyoyasikia kwa wagonjwa wenzangu. Njia ya shavuni ni ile ile. Ya joto wanapitisha ncha inayochomwa kwa mawimbi ya redio, digrii kama 60 mpaka 90, na kabla ya kuchoma wanakuamsha katikati ya usingizi wanakuuliza unasikia wapi, hapa? kidevuni? shavuni? mpaka wapate tawi lenyewe, ndo wanakulaza tena wanachoma. Kwa hilo inaishinda puto, puto linabana matawi yote kwa pamoja, hii unalenga. Kwa mtu anayeumwa taya tu ina mantiki sana. Kwa anayeumwa jicho na paji mi ningeogopa, kwa sababu jicho likifa ganzi vumbi linaingia na huna habari, kioo cha jicho kinachubuka taratibu unakuja kushtuka uoni umeharibika.

Mzee mmoja wa Morogoro tulikutana kwenye foleni ya MRI (ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa), ana miaka 79 na moyo wake una matatizo yake, kafanyiwa ya joto mara mbili kwa miaka sita na anasema akiambiwa ya tatu anapanda basi siku hiyo hiyo. "Mwanangu, kwa umri wangu miaka mitatu ni mingi." Sina cha kumbishia.

Ya gliseroli, kimiminika kizito kinachodungwa kwenye neva, inafurahisha historia yake. Håkanson, pale Stockholm, alikuwa anatumia gliseroli kama kibebeo tu cha unga wa madini ili neva ionekane kwenye eksirei, akashangaa wagonjwa maumivu yanaisha kabla hata ya matibabu yenyewe, akaichapisha mwaka 1981. Unakaa kitako kichwa umekiinamisha mbele ili ile dawa isimwagike kutoka kwenye kijifuko cha neva. Ganzi yake inasemwa ni ndogo kuliko ya joto lakini na kudumu kwake nako ni kudogo. Simjui hata mmoja aliyefanyiwa, kwa iyo siipi nyota.

Kitu kimoja cha kutisha kwa familia yote hii ya kujeruhi: wachache wanabaki na ganzi yenye maumivu, yani mahali pamekufa ganzi afu panaungua muda wote, na hiyo haina dawa ya maana. Ni nadra, ila kila kinachojeruhi neva kinaweza kuileta na kila kurudia kunaongeza nafasi. Uliza kuhusu hiyo kabla ya kusaini.

MIONZI

Shangazi yangu anaishi Uingereza, Leicester, naye ana TN (tumejuana ni wagonjwa wenza kwenye simu ya pole, kila mtu alikuwa anaficha). Yeye alipelekwa Sheffield ambako mashine ya Gamma Knife ipo toka 1985. Jina lina neno kisu lakini hamna kisu. Wanakufunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne zinazoshika fuvu, na ganzi ya sindano, shangazi anasema hapo ndo pabaya pekee, afu MRI, afu unalala kwenye mashine na miale zaidi ya mia inatoka kila upande, kila mmoja peke yake dhaifu, inakutana kwenye mzizi wa neva tu. Dozi ni kama 80 Gy (gray, kipimo cha mionzi) mara moja. Mchana alikuwa amekaa anakunywa chai. Aliyeibuni mashine ni Lars Leksell, huyo naye wa Stockholm, na kati ya watu wake wa mwanzo kabisa walikuwemo wa ugonjwa wetu.

Sasa hii kitu haifanyi kazi leo. Shangazi alisubiri wiki saba, anameza vidonge, ananipigia analia ananiambia wamenipiga tochi tu hawa. Wiki ya nane zikaanza kupungua. Mpaka leo anatumia kidonge kimoja kwa siku na shavu linamcheza cheza kama linatembelewa na sisimizi. Anatoa nyota nne, mi kwa kumsikiliza natoa tatu na nusu, maana mtu ambaye hali wala hanywi hawezi kuambiwa subiri miezi miwili. Ila kwa mzee, kwa mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu ambaye kuchomwa na kupasuliwa kote ni shida, hii ndo ya kwanza kuifikiria. Kwa ukanda wetu huu watu wanaitazama Nairobi, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wana CyberKnife, ni ndugu yake, haina fremu ya skrubu.

KUFUNGUA (2022)

Hii ndo niliyoikimbia miaka sita. Ndo ile ya fungu la kwanza, ya kuuondoa mshipa unaogonga. Jina lake refu ila kifupi wanasema MVD. Hapa Tanzania upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu ukiutaja watu wanakuelekeza MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, mi nilifanyiwa India, Chennai, kwa sababu ya ndugu aliyekuwa kule, tukauza kiwanja cha Chanika, vikoba wakachangia, walimu wenzangu wakapitisha bahasha. Gharama ni mara kadhaa ya lile puto, tusidanganyane.

Kabla ya yote ni MRI, na si MRI ya kawaida tu, kuna picha za vipande vyembamba sana za kuangalia neva na mishipa, bila hizo unaambiwa "ubongo uko sawa" unarudi nyumbani na majibu ya bure kama mi mara ya kwanza. Daktari wa Chennai aliniwekea picha kwenye skrini akaniambia mama ona. Kijiuzi cheupe ndo neva, na kamba nyeusi imejikunja juu yake. Nilikaa naangalia. Miaka sita, magego mawili, kombe, puto, na kitu chenyewe ndo hiki kamba.

Nilikuwa nimesoma ripoti ya daktari mpasuaji Jannetta na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, ya 1996, yeye ndo aliyeupigania upasuaji huu toka miaka ya 60 wenzake hawamuamini. Wagonjwa 1,185. Baada ya miaka kumi asilimia 70 hawana maumivu na hawamezi kitu. Waliopoteza usikivu wa sikio la upande ule kama 1 katika 100. Waliokufa wawili. Nilisoma huo mstari wa wawili mara nyingi kuliko wa 70, nikaandika namba ya siri ya simu na ya benki kwenye karatasi nikampa Zuhura, akaniuliza mama ya nini, nikamwambia ukinunua luku.

Wananyoa utepe wa nywele nyuma ya sikio, si kichwa kizima. Unalazwa kwa ubavu, wanatoboa fuvu tundu kama sarafu, wanapita pembeni ya ubongo mdogo kwa darubini mpaka kwenye neva, wanauinua mshipa wa damu wanauwekea kitambaa kati yake na neva usiguse tena. Kitambaa chenyewe ni tefloni. Ndio, ile ile ya kikaangio kisichogandisha chapati. Baba Zuhura mpaka leo akigombana na mimi anasema kichwa chako kina sufuria.

Kuamka ni kubaya. Nilitapika siku mbili, kichwa kizito, shingo haigeuki, sikio limeziba kama nimetoka kuogelea, likazibuka wiki ya pili. Wanakukagua pua na kidonda kwa ajili ya maji ya ubongo kuvuja, ukiona kioevu chepesi kama maji kinatiririka puani unasema hapo hapo husubiri. Siku ya tatu nesi kaniletea beseni na kitambaa anipanguse, nikamwomba anipe mwenyewe. Nikachota maji kwa kiganja. Baridi, ya bomba. Nikaweka usoni. Nesi hakuelewa kwa nini mtu mzima anaosha uso mara nne mfululizo anacheka na bandeji kichwani.

Nyota nne na nusu. Nusu naipunguza kwa maumivu ya kichwa ya mwezi mzima na kwa kiwanja. Ganzi niliyonayo bado ni ya lile puto, kitambaa hakikuniongezea hata chembe, na hapo ndo najilaumu. Madaktari wa neva wa Ulaya kwenye mwongozo wao wa 2019 waliweka MVD mbele ya mionzi kwa mtu ambaye mshipa umeonekana wazi na mwili wake unahimili, na mi ningeongeza kabla ya sindano yoyote pia, kwa sababu ile ya kuondoa mshipa haikufungii mlango wa sindano baadae lakini sindano ikishaua hisia za shavu hamna wa kuzirudisha. Nilianza na rahisi kwa sababu ilikuwa rahisi. Ingekuwa leo, miaka 45 niliyokuwa nayo, kamba inaonekana kwenye picha, ningeuza kiwanja 2019.

Lakini usinisome vibaya. Kama MRI haionyeshi mshipa, au TN yako imeletwa na ugonjwa wa mfumo wa neva unaoitwa multipo sklerosisi, kufungua fuvu faida yake inapungua sana na sindano au mionzi inakuwa na maana zaidi. Kama maumivu yako si shoti bali ni kuungua kusikoisha kutwa nzima, yote haya yanafanya kazi kwa uhafifu, bora uambiwe kabla hujalipa. Na mtu wa miaka 79 mwenye moyo mbovu asisikilize mwalimu wa darasa la nne, amsikilize yule mzee wa Morogoro.

Maswali niliyoyakosa 2019, chukua bure: mshipa umeonekana upande gani na kwenye picha gani, nionyeshe? Hii unaondoa sababu au unaijeruhi neva? Tawi langu ni lipi na jicho litakuwaje? We mwenyewe umefanya ngapi? Swali la mwisho uliza huku unamwangalia usoni, wa kwangu wa Chennai alitaja idadi bila kufikiri, wa zamani aliangalia faili.

Mwaka jana mwezi wa saba, napuliza jiko la mkaa, ilinipiga moja. Ndogo, kama stimu ya betri, hapo hapo kwenye pua. Kesho yake nyingine. Nikampigia daktari, kasema tuangalie, inaweza isiwe kitu. Siku ya tatu haikuja na mpaka leo haijaja, ila strip moja ya Tegretol inakaa kwenye pochi, kwenye zipu ya ndani pamoja na funguo za kabati la ofisini.